Nimelipia strimu ya hoki ya vyuo msimu mzima, goli lenyewe sijaliona

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka asome aende zake: 2 kati ya 5. Moja ni ya picha, ambayo siku zote iko safi mpaka dakika unayoihitaji, na nyingine ni ya huruma tu kwa sababu timu yangu ilishinda na mtu akishinda moyo unalegea. Jina la huduma silitaji, sitaki kesi na mtu, ila kama uko Marekani na unafuatilia hoki ya barafu ya vyuo basi unaijua au una ya kwenu inayofanana nayo, ile apu ya kulipia dola 11 na ushee kwa mwezi, unapata mechi za ligi yenu za nyumbani na ugenini, wanaume na wanawake, kuanzia Oktoba mpaka mtoano wa Machi. Nimekaa nayo miezi sita. Kwa hiyo siongei kama mtu aliyejaribu wiki moja akanuna.

Siku za kawaida haina shida kubwa. Inafunguka haraka, kwenye tivii inakaa vizuri, sauti na picha vinaenda pamoja, watangazaji wanajua wachezaji kwa majina. Kutafuta mechi za zamani ni usumbufu, wamezipanga utadhani mtu kamwaga gunia, lakini mi sirudii mechi za zamani kwa hiyo hilo naliacha.

Sasa usiku wenyewe. Robo fainali ya ligi, inachezwa bora wa mechi tatu, sisi tumeshinda moja wao moja, hii ya tatu ndo ya mwisho, anayefungwa msimu wake umeisha. Nilikuwa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana wa soka damu, alikuwa amekuja kututembelea na hakuwahi kuona hoki ya barafu maishani. Nikamwambia kaa hapa shem, utaona mpira wa magongo wa kweli. Akaniuliza mpira uko wapi. Nikamwonyesha ule weusi unaopita, akasema "shem mi naona watu tu wanakimbizana."

Na hapo alikuwa na pointi, maana ukitaka kuelewa hii kesi yote lazima uanze na ukubwa wa hicho kidude. Paki ni kisahani cha mpira mgumu, upana inchi 3, unene inchi 1, na huwa wanakigandisha kwanza kwenye baridi kisirukeruke kikigonga barafu. Goli lenyewe lina futi 6 upana na futi 4 kwenda juu, na mstari mwekundu wa goli una inchi 2. Ili iwe goli paki yote nzima lazima iwe imevuka mstari wote, siyo nusu, siyo imegusa, yote. Kwa hiyo unabishania inchi tatu za kitu cheusi, huku kipa kavaa mapedi ya mguuni yenye upana wa inchi 11 kila moja, kalala juu yake, na watu wanne au watano wamemwangukia. Mwenye soka anafikiri kubishania goli ni mpira kugonga mtambaa wa panya ukadunda chini. Huku mara nyingi hakuna aliyeona kitu, hata aliyefunga.

Tuendelee. Kipindi cha pili, 1-1, strimu ikaganda. Kale kaduara kakawa kanazunguka tu, dakika tatu nzima, intaneti yangu haina tatizo maana simu zilikuwa zinaenda fresh. Shem akatafuta redio ya chuo kwenye simu yake, ile inayoendeshwa na wanafunzi wenyewe, bure, akaweka sikioni ili tusipitwe. Picha iliporudi tukagundua kitu cha ajabu, redio iko mbele ya picha kwa sekunde kama arobaini. Tulihesabu wakati wanaanzisha upya, redioni wameshaanzisha na tivii bado refa kashika paki mkononi. Ndo kusema hiyo "laivu" ninayolipia inafika kwangu imepoa. Basi shem akawa nabii wa nyumba. Anakaa kimya, alafu anasema "kuna mtu anatolewa nje dakika mbili," na kweli baada ya muda refa anainua mkono kwenye tivii. Alifurahi kuliko mechi yenyewe.

Dakika 60 zikaisha 2-2. Kwenye mtoano hakuna penalti wala mambo ya kupunguza wachezaji kama msimu wa kawaida, mnaongezewa vipindi vya dakika 20, watano kwa watano na makipa wao, wa kwanza kufunga ameshinda, na kama hakuna anayefunga mnaendelea mpaka alfajiri mkitaka. Nikamweleza shem akashika kichwa.

Dakika ya saba ya nyongeza, kwenye tivii paki iko kwetu, wapinzani ndo wanashambulia, mi tumbo linaniuma. Shem akaruka: "GOLI! Shem, goli! Letu!" Alafu akaganda hivyo hivyo mkono hewani. "Subiri. Wanasema subiri. Mmoja anasema ndiyo mwingine anasema sijui."

Fikiria raha na mateso ya hapo. Nina sekunde arobaini, najua kabisa goli linakuja, najua ni la upande gani, nimesogea mpaka karibu na kioo pua inagusa, sipepesi. Nikaona beki wetu anaiba paki, wanapandisha watatu kwa wawili, pasi ya kulia, shuti dogo la chini, kipa kalizuia kwa pedi ya kushoto, likabaki pale mguuni, wakamwangukia. Rundo la watu. Taa nyekundu nyuma ya goli ikawaka, refa aliyekuwa karibu na nyavu akanyoosha kidole kuelekea ndani ya goli, maana yake goli. Kipa wao akainuka anatikisa kichwa. Na mimi, niliyekuwa najua mapema kama malaika, sikuona kitu, maana kamera iko juu katikati ya uwanja na mtu mkubwa wa namba 20-na-ngapi sijui kaweka makalio yake kati ya lenzi na mstari.

Sawa, nikajisemea, si kuna marudio. Marefa wawili wakateleza kwenda kwenye skrini pembeni, kule karibu na vibanda vya wanaotumikia adhabu, wakavaa vile visikizio. Hoki ya vyuo siyo kama ile ligi kubwa ya kulipwa ambako kuna chumba Toronto kinaangalia mechi zote na kutoa hukumu, huku mara nyingi refa aliyepuliza kipenga ndiye huyohuyo anayeinama kujiangalia kama alikosea. Ndo sehemu tamu kuliko zote kwangu. Wote tunatazama picha ileile, wao wanajua sheria na sisi tunajua kelele.

Na hapo ndipo apu ikaandika "tutarejea punde" na kuweka matangazo.

Pikapu inapanda mlima. Bima ya gari. Pikapu ileile inapanda mlima uleule. Piza. Pikapu tena, mara ya tatu, sasa hivi naijua ile pikapu kuliko gari langu. Nikabonyeza kurudi nyuma sekunde kumi niangalie walau lile rundo, apu ikarudi mwanzo wa tangazo la kwanza ikaanza kuhesabu upya. Wallahi nilitaka kulia.

Kilichotuokoa ni wale watoto wa redio. Wawili, sauti zao za usingizini, wana skrini ndogo kule kwenye kibanda chao na wakawa wanaelezea walichokiona na shem ananitafsiria moja kwa moja huku kidole kikiwa sikioni. "Anasema pedi ya kipa, kisigino, kiko ndani ya mstari... Anasema kati ya pedi na mwamba kuna weusi... Huyu wa pili anasema weusi ni wa kivuli... Sasa wanaonyeshwa ya juu, anasema bomba limeziba." Hilo la bomba ni kweli na wengi hawalijui: kamera ya juu ya goli tunadhani ndo hakimu wa haki, lakini mtambaa wa panya wenyewe uko juu ya mstari hasa, na ni mnene kidogo kuliko upana wa mstari, kwa hiyo ukiangalia moja kwa moja kutoka juu unaona chuma. Na ile ya katikati ya uwanja nayo inadanganya, kwa sababu paki ikiwa imeinuka hata kidogo kutoka kwenye barafu, ukiitazama kwa mshazari kutoka mbele inaonekana imeingia ndani zaidi kuliko ilivyo. Ndo maana watu wanawekewa kamera ndani ya nyavu. Kama ilikuwepo usiku ule sijui na sitajua, si nilikuwa naangalia pikapu.

Shem akaniuliza swali zuri: "si waweke kile kimashine cha soka, saa ya refa inatetemeka basi?" Nikamwambia huku vyuoni hakuna, ni macho tu na video. Akasema basi nusu ya magoli ni imani.

Alafu redioni uwanja ukalipuka, tukajua tumeshinda, tukakumbatiana, mke wangu akatoka chumbani kututukana kwa kuamsha mtoto, na kwenye tivii bado piza. Picha iliporudi wachezaji wetu walishakuwa wamerundikana juu ya kipa wetu, kofia na glavu zimetapakaa kwenye barafu. Refa alishatangaza kwa maikrofoni. Hatukusikia. Watoto wa redio nao walikuwa wanapiga kelele kwa hiyo hawakusikia.

Mtu atasema umeshinda, unalia nini. Nalia hivi. Sheria ya marudio ni kwamba uamuzi wa uwanjani haubadilishwi mpaka video ionyeshe wazi kabisa kwamba ni makosa. Kwa hiyo kuna tofauti kubwa kati ya goli lililothibitishwa, maana yake wameiona paki iko ndani, na goli lililosimama, maana yake hawajaona kitu cha kulikataa wakaliacha kama lilivyo. Yote mawili ni ushindi kwenye karatasi. Lakini nafanya kazi ghala moja na mzee mmoja anayeshangilia ile timu tuliyoitoa, na kila mapumziko ya chakula ananiuliza kitu kimoja tu, uliiona ikiingia? Na mimi siwezi kusema uongo mbele ya sandwichi. Nasema refa alinyoosha kidole. Anacheka. Anasema refa alikuwa amesimama nyuma ya wavu, labda alikuwa anaonyesha choo kilipo.

Asubuhi yake nilikimbilia vipande vya mechi kwenye apu. Dakika moja na nusu hivi, goli lenyewe sekunde nne, kamera ileile, makalio yaleyale, alafu wamekata moja kwa moja mpaka kwenye kushangilia. Muda wote wa marefa kwenye skrini umeondolewa kama vile haukutokea. Nikafungua ile sehemu ya kuongea na huduma kwa wateja. Roboti likaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Nikazima nikawasha nikiwa na hasira. Baadaye akaja mtu, mpole sana, simlaumu yeye, akaniambia matangazo yanaingia yenyewe mchezo ukisimama kwa muda fulani, hakuna mtu anayebonyeza. Akanipa punguzo la dola 3 mwezi ujao. Yaani kama kuna aliyekuwa anajiuliza goli la kubishaniwa la muda wa nyongeza linauzwa bei gani, ndo hiyo.

Na hilo la "yanaingia yenyewe" ndo limenishusha kwenye nyota 2 badala ya 3. Mashine haijui kwamba mchezo ukisimama kwa sababu kioo kimepasuka ni tofauti na mchezo ukisimama kwa sababu msimu wa watu umening'inia kwenye kisigino cha kipa. Mtu yeyote anayependa huu mchezo anajua kwamba hizo dakika ndo zinakaa kichwani miaka. Mwaka 2010 kule Fort Wayne, Indiana, Chuo Kikuu cha Michigan waliingiza paki kwenye nyavu za Miami (hii Miami ya Ohio, siyo ya ufukweni Florida) kwenye muda wa nyongeza, refa akasema mchezo ulishasimamishwa, goli hakuna, na Miami wakaja kushinda 3-2 kwenye nyongeza ya pili. Mwaka uliofuata, 2011, St. Louis, Michigan walewale na Omaha wa Nebraska, nyongeza tena, marefa wakakaa kwenye skrini mpaka watu wakachoka kusimama, safari hii goli la Michigan likakubaliwa, 3-2, wakaendelea wao. Alafu kuna ile ya Machi 2021 Fargo, Minnesota Duluth na North Dakota, Duluth wameshafunga nyongeza ya kwanza, wameshashangilia, video ikaonyesha kulikuwa na ofsaidi kabla ya goli, likafutwa, wakarudi kucheza mpaka nyongeza ya TANO, dakika 142 na sekunde zake, ndefu kuliko mechi zote za mashindano ya kitaifa ya vyuo, na bado Duluth wakashinda. Hizo zote watu wanazibishania mpaka leo kwa sababu waliziona, au waliona kiasi cha kugombana. Mi nabishana kwa ushahidi wa shemeji aliyekuwa anamsikiliza mtoto wa chuo aliyekuwa anaangalia skrini ndogo. Hiyo ni ushahidi wa mtu wa tatu, hata kwa mjumbe wa nyumba kumi hauendi.

Wala sidai kamera kumi na mbili. Najua hizi ligi za vyuo hazina hela za ligi kubwa, na waendesha kamera wengine ni wanafunzi wanalipwa kidogo, nawaheshimu. Mi ningeridhika na mgongo wa refa. Waache kamera kwenye migongo ya wale marefa wawili wameinama kwenye skrini, wasionyeshe hata marudio, nione tu mmoja anamwonyesha mwenzake kitu kwa kidole, nione makocha wanavyomeza mate, nisikie akitangaza. Hiyo haihitaji kifaa kipya, inahitaji mtu mmoja mwenye kidole cha kuzuia pikapu isipande mlima.

Sasa je ununue? Kama una mtoto anacheza au timu yako inacheza mbali na unataka tu kuiona ikicheza Ijumaa na Jumamosi, nunua, kwa hela hiyo hakuna kingine. Mechi za wanawake hasa zinaonyeshwa vizuri, huku kwetu kwenye tivii ya kawaida huzikuti. Kama unataka mtoano, weka redio ya chuo pembeni, ni bure, na iko mbele. Ukiweza washa redio alafu uisimamishe mpaka picha ifike, mi nimejaribu kwenye kompyuta inakubali, unapata watangazaji bora na picha kwa pamoja, ila matangazo yakiingia unabaki na redio tu, ambayo kusema ukweli ndo ilinipa mechi. Na kama unaishi karibu na uwanja acha mambo ya apu, kata tiketi ukae nyuma ya goli. Shem ameshaahidi akirudi msimu ujao tunakaa huko, eti anataka kuiona paki kwa macho yake kabla hajafa.

Kuhusu kujiondoa: kitufe kipo lakini kimefichwa, unapita kurasa nne zinazokuuliza una uhakika, ya tatu wanakuonyesha picha ya wachezaji wanashangilia ili uone aibu. Ilikuwa timu yangu kwenye ile picha. Ile usiku ule.

Wiki iliyofuata tukacheza nusu fainali, nikaangalia kwenye apu hiyohiyo kwa sababu mwezi ulikuwa haujaisha. Tulifungwa 4-1. Magoli yote manne yaliingia peupe katikati ya nyavu, kila moja likarudiwa kwa kamera tatu, taratibu, mpaka ukaona baridi inavyotoka kwenye barafu, na strimu haikukatika hata sekunde moja.